Uhakiki wa Fimbo ya Kuvulia

Kwetu sisi tuliolelewa zamani, zawadi haichunguzwi. Hupokelewa kwa mikono miwili, hushukuriwa, kisha huwekwa mahali ambapo mtoaji akija ataiona. Nimeishika adabu hiyo kwa zaidi ya miaka sabini na sijuti. Lakini katika kurasa hizi nitaivunja, kwa sababu kuna zawadi moja niliyoogopa kuihakiki, na woga wangu ukamtia hasara mtu ninayempenda. Zawadi yenyewe ni fimbo ya kuvulia samaki pamoja na rili yake, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, vilivyonunuliwa kama seti moja katika jimbo la Minnesota nchini Marekani na kuletwa hadi nyumbani kwangu hapa Mbozi Misheni mwaka 2019.

Ndugu msomaji asishangae mwalimu mstaafu kutumia neno uhakiki kwa chombo cha uvuvi. Nilisomea ualimu katika chuo kimoja wilayani Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Pale chuoni mkufunzi wetu wa Kiswahili hakuturuhusu kuandika neno "nzuri" katika insha ya uhakiki mpaka tueleze ni nzuri kwa nani na kwa kazi gani. Aliyeandika "nzuri" peke yake alirudishiwa daftari likiwa na mstari mwekundu. Sheria hiyo niliwafundisha wanafunzi wangu kwa miaka mingi. Siku mwanangu aliponipigia simu kuniuliza fimbo ikoje, nilimjibu, "Nzuri sana." Sikueleza kwa nani wala kwa kazi gani.

Nianze na fani, yaani umbo la kitu chenyewe. Fimbo hiyo ni ya nyuzi za kaboni, ina vipande viwili, na ikiungwa ina urefu wa futi 6 na inchi 6, yaani karibu mita 2. Ni nyepesi kiasi kwamba mtu aweza kuishika kwa vidole viwili. Nusu ya chini imekaza, lakini ncha yake hupinda kwa uzito mdogo kabisa, halafu hurudi upesi. Juu ya mpini kumeandikwa kwamba inafaa mshipi wa nguvu ya paundi 4 hadi 10, na chambo cha uzito wa gramu 3 na nusu hadi 14 hivi. Mpini ni mfupi, wa gome laini, umekatwa ili uishie karibu na kiwiko. Rili yake ni ndogo, ya ukubwa ambao viwanda vingi huuandika kwa namba 2500, na muuzaji alikwisha kuijaza mshipi wa nailoni wa paundi 8. Paundi 8 ni kama kilo 3 na nusu.

Sasa maudhui. Seti hii ilitengenezwa kwa samaki mmoja, na samaki huyo hatunaye. Anaitwa walleye. Hana jina la Kiswahili, nami sitamtungia. Anaishi katika maziwa na mito ya Marekani ya Kaskazini, na watu wa Minnesota wanamheshimu kiasi kwamba mwaka 1965 walimfanya samaki rasmi wa jimbo lao. Nyuma ya jicho lake pana utando unaorudisha mwanga, kama jicho la paka barabarani usiku. Kwa hiyo huona vizuri mahali penye giza, hukaa chini karibu na sakafu ya ziwa, na hula zaidi jioni, alfajiri, au maji yakiwa na ukungu. Wengi wanaovuliwa si wakubwa sana. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba hang'ati kwa pupa. Huonja. Mvuvi hushusha ndoano ndogo yenye kichwa cha risasi hadi chini, huiinua na kuishusha taratibu, na samaki anapoigusa, mkono husikia kama mtu aliyebisha hodi mara moja akanyamaza.

Ukimjua samaki huyo, kila kitu katika fimbo ile kinajieleza. Ncha ni laini ili mguso mdogo ufike mkononi. Shina limekaza ili ndoano iingie upesi kabla samaki hajaitema. Mpini ni mfupi kwa sababu kazi yote ni ya kiganja na kifundo cha mkono. Mshipi ni mwembamba kwa sababu samaki mwenye macho makali angeuona mnene. Breki ya rili ni laini kwa sababu mshipi mwembamba haustahimili kuvutwa kwa ghafla. Kwa maji yale na samaki yule, sioni kosa. Ningekuwa mwalimu wa huko ningempa aliyeibuni alama za juu.

Na rili yenyewe inastahili neno lake, kwa maana wengi huitazama kama mchezo wa kuchezea. Zamani rili nyingi zilikuwa na gurudumu lililozunguka wakati mshipi unatoka, na chambo chepesi hakikuwa na nguvu ya kulizungusha, kwa hiyo hakikuruka mbali. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja mwenye viwanda vya nguo, Alfred Holden Illingworth, alisajili uvumbuzi wa rili ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kutupa. Mshipi huteleza ukingoni mwa bobini kama uzi unavyochomoka katika mashine za nguo. Tangu hapo mtu ameweza kutupa kitu chenye uzito wa kipande cha chaki na kikaenda mbali. Kila rili ya namna hii unayoiona leo, iwe ya bei kubwa au ya sokoni, imetokana na wazo hilo.

Basi kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuwa kwamba seti ililinganishwa vizuri, fimbo na rili, rili na mshipi, mshipi na chambo, lakini haikulinganishwa na maji yetu wala na mkono wangu. Na hilo si kosa la kiwanda. Kiwanda hakinijui.

Mwaka 2017 nilipata kiharusi. Mungu alinirehemu, nikapona miguu na ulimi, lakini mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Naweza kushika kalamu na kikombe. Kifundo cha mkono kikibebeshwa uzito hulegea ghafla, bila kutoa taarifa. Mwanangu alijua habari za kiharusi, lakini habari za kifundo hakuzijua. Nilimficha ili asihangaike. Yuko huko tangu mwaka 2004, anafanya kazi za usiku za kuhudumia wagonjwa, na Jumapili huenda kuvua na wenzake. Aliniambia kwamba akiwa ziwani alikuwa akinikumbuka, kwa maana mimi ndiye niliyemfundisha kuvua perege kwa mwanzi katika mabwawa ya hapa Mbozi alipokuwa mdogo. Akaingia dukani, akaeleza anataka seti kwa ajili ya baba yake. Muuzaji akampa ile ambayo watu wa kule huipenda.

Mwezi Juni mwaka huohuo wa 2019 nilikwenda na mjukuu wangu, wakati huo ana miaka 14, hadi upande wa Kamsamba, ambako mto Momba unateremka kuelekea Ziwa Rukwa. Msomaji asiyeijua Rukwa aelewe kwamba ni ziwa la kina kifupi, lisilo na mto unaotoka, maji yake yana magadi, na ukubwa wake hubadilika sana kadiri ya mvua. Samaki wanaotajwa zaidi huko ni magege na kambale. Wanyama wanaotajwa zaidi ni mamba na viboko.

Wavuvi wa pale walitupokea vizuri. Mzee mmoja aliitazama ile fimbo, akaipima kwa macho, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya kuvulia au ndiyo uliyokuwa ukichapia watoto?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini lilikuwa swali la kihakiki kuliko yote niliyoulizwa siku ile.

Kambale ni kinyume cha walleye karibu katika kila jambo. Hategemei macho, hutafuta kwa ndevu zake na kwa harufu, hasa usiku. Haonji, humeza. Mguso laini wa ncha haukunifaa kitu, kwa sababu kambale akichukua utumbo wa kuku hata fito la uzio lingekuambia. Kinywani ana meno madogo mengi kama msasa, na mshipi mwembamba ukisuguana nayo kwa dakika chache hukatika. Tena akinaswa hakimbilii majini wazi. Hukimbilia matete na matope. Hapo ndipo hesabu inapomkataa mvuvi: mshipi wa paundi 8 hufungiwa breki ya robo au theluthi ya nguvu yake, yaani kama kilo moja tu. Kambale mwenye nguvu hazuiwi kwa breki ya kilo moja. Aliingia matete, mshipi ukakatika. Wa pili vilevile.

Wa tatu alinifundisha zaidi. Alipovuta, kifundo changu kililegea, na kwa kuwa mpini ni mfupi sikuwa na sehemu ya kuubana kwapani. Fimbo ilinitoka, ikateleza kwenye matope kuelekea majini. Nikaifuata. Sikufikiri. Nilifikiri ni mali ya mwanangu, jasho la usiku wake. Yule mzee alinishika koti kwa nyuma akanirudisha kwa nguvu nikakaa chini, na mjukuu akaiwahi fimbo kwa tawi. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mzee akanionyesha kwa kidole, upande wa pili wa kidimbwi kile, pua mbili na macho mawili juu ya maji.

Jioni ileile simu iliita. "Baba, umeijaribu? Ikoje?" Nikasema ni nzuri sana.

Haki inanilazimu nieleze upande wa pili wa jambo hili, kwa maana uhakiki usiotaja mazuri ni uchongezi. Mwanzi wetu wa asili humlazimisha mvuvi kusimama ukingoni kabisa, na ukingoni ndiko mamba anakosubiri. Rili humwezesha mtu kusimama hatua nyingi nyuma na bado chambo kifike mbali. Kwa Rukwa na Momba, hilo laweza kuokoa uhai. Kwa hiyo siseme kwamba rili haitufai. Nasema rili ile, na fimbo ile, hazikufaa pale. Palihitajika fimbo ya futi 9 au 10, yenye mpini mrefu wa kubana kwapani, rili kubwa zaidi, namba 4000 au 5000, na mshipi wa paundi 20 au 30 wenye kipande kinene zaidi karibu na ndoano kwa ajili ya yale meno ya msasa.

Sisi wa Mbozi tunaishi juu ya mgawanyiko wa maji. Kuna mito miwili iitwayo Songwe: mmoja huenda Rukwa, mwingine hupita mpakani na Malawi ukamwaga Ziwa Nyasa. Nilipokwisha kushindwa upande mmoja nilikaa miaka miwili bila kuigusa ile fimbo, ikawa imesimama sebuleni kama picha ya mkuu wa wilaya. Ndipo mwezi Agosti mwaka 2021 nikaenda Kyela kumsalimu binti yangu aliyeolewa huko, na mjukuu akaibeba bila kuniuliza.

Katika Ziwa Nyasa yuko samaki aitwaye mbasa. Ni wa rangi ya fedha, kinywa kipana, mwili mwembamba wa kukimbilia, na chakula chake ni samaki wadogo kama usipa. Hukaa ziwani, na nyakati za mvua hupanda mitoni, kama Songwe, kutaga mayai kwenye changarawe. Tulikodi mtumbwi alfajiri. Mjukuu alifunga kijisamaki cha bati chenye uzito wa gramu 10 hivi, akakitupa kwa ile fimbo ya Minnesota, na kikaruka kama kilikuwa kinasubiri siku hiyo. Mara ya nne au ya tano ncha ilitetemeka, ikainama. Mbasa alikimbia maji wazi, breki ikatoa mshipi kwa sauti nyororo, ikakaza, ikatoa tena. Hapakuwa na matete, hapakuwa na haraka. Tulipomwingiza mtumbwini alikuwa wa kilo moja na zaidi kidogo, uzito ambao samaki wa kule naye huufikia.

Siku hiyohiyo mjukuu alinionyesha jambo lingine ambalo mimi na elimu yangu sikulijua. Mkono wa rili huweza kufunguliwa upande mmoja na kufungwa upande wa pili. Viwanda huuweka kushoto, ili mtu wa mkono wa kulia ashike fimbo kwa kulia na kuzungusha kwa kushoto. Mimi ninahitaji kinyume chake: fimbo mkono wa kushoto ulio mzima, na kazi ya kuzungusha, isiyo na uzito, kwa mkono dhaifu. Aligeuza kwa dakika moja. "Babu, mbona hukusema?" aliniuliza. Nilivua saa nzima bila maumivu.

Sitasema habari za mbasa bila kuongeza onyo. Wamepungua, na sababu moja inaonekana kwa macho: nyavu zinazotandazwa midomoni mwa mito wakati samaki wanapopanda kutaga. Mtu mwenye fimbo hana madhara ya mwenye wavu, lakini naye asivue midomoni mwa mito wakati wa mvua. Tena kabla ya yote apite kwa ofisa uvuvi aulize kibali na masharti ya mahali pale.

Baada ya safari hizo mbili nilianza kutazama maduka kwa jicho jingine. Tunduma ni mji wa mpakani na kila kitu hupita pale, na seti za kuvulia zipo. Nyingi ni fimbo za kuchomoa kama antena ya redio, pamoja na rili iliyokwisha kujazwa mshipi. Sifa zake ni bei nafuu, urefu unaofika mita 3, na kukunjika zikaingia begini ndani ya basi. Kasoro zake nazo ni za kawaida: viungo vingi ambavyo kila kimoja ni mahali pa kuvunjikia, pete zisizokaa katika mstari mmoja, breki inayoshika na kuachia kwa mikurupuko, na mshipi mgumu uliokaa rafuni mpaka ukashika umbo la bobini. Mara nyingi katika seti mtengenezaji huweka uzuri kwenye fimbo, kwa sababu ndiyo inayoonekana, na hubana gharama ndani ya rili, mahali ambapo mnunuzi haoni. Kwa hiyo jaribu ndani kabla ya nje.

Jaribio lenyewe ni rahisi na muuzaji mwaminifu hatalikataa. Zungusha mkono wa rili polepole sana. Ukisikia mikwaruzo au mchezo wa kutikisika, iache. Legeza breki, vuta mshipi kwa mkono. Utoke kwa mwendo mmoja, usirukeruke. Tazama pete zote kutoka mpinini hadi nchani kama mtu anayelenga shabaha. Zote zikae mstari mmoja. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pana ufa, na ufa huo utakata mshipi siku samaki mkubwa atakapokuja. Funga rili kwenye fimbo, weka kidole chini ya mpini mbele ya rili. Kama ncha inaanguka sana mbele, mkono wako utachoka kabla ya saa moja kupita. Mwisho, hesabu gharama ya mshipi mpya, kwa maana ule uliokuja na seti utautupa.

Lakini majaribio hayo yote ni ya fani, na fani huja baadaye. Maduka hutuongoza kuanza na fimbo, kwa kuwa inang'aa, kisha rili, kisha mshipi, na samaki tunamkumbuka tukiwa njiani kwenda majini. Mpangilio ulio sawa ni wa kinyume: samaki gani, maji gani, mkono gani, kutoka hapo mshipi wa nguvu gani, mshipi ndio unaochagua rili, na rili pamoja na chambo ndivyo vinavyochagua fimbo. Mtu wa bwawa la perege, akijibu maswali hayo kwa uaminifu, atagundua kwamba hahitaji seti yoyote. Mwanzi, mshipi wa mita chache, chubwi na mnyoo vinamtosha.

Nimefika mahali pagumu. Mwaka 2022 mwanangu alinipigia simu akiwa na furaha. Alisema amenunua seti ya pili, kwa ajili ya mpwa wake, ileile kabisa, "kwa kuwa ile ya kwanza uliipenda sana, Baba." Alikuwa amefanya kazi za zamu za ziada. Ilikuwa bado dukani ikisubiri kufungwa.

Nilikaa na simu mkononi. Kisha nikamweleza yote: kambale watatu, kifundo, matope, koti, na zile pua mbili juu ya maji. Upande wa pili ukawa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Baba, ulinipa mia kwa mia kwa kazi ambayo hukuisahihisha."

Maneno hayo yana historia. Mwanangu alisoma katika shule niliyoiongoza. Ili watu wasiseme nampendelea, nilimsahihishia kwa ukali kuliko wenzake, na fimbo ile nyingine, anayoitaja yule mzee wa Kamsamba, aliipata zaidi ya wenzake. Nilidhani ndiyo haki. Sasa katika uzee nilimpa sifa bila kipimo, nikidhani ndiyo upendo. Nikitazama nyuma naona kwamba mara zote mbili sikuwa nimeisoma kazi yenyewe. Mara ya kwanza nilikuwa nawatazama majirani, mara ya pili naitazama aibu yangu.

Nilimwambia hivyo. Sikuzoea kumwambia mambo ya namna hiyo, na simu ikawa nyepesi kuliko macho. Alisema, "Haya Baba, sasa nisahihishie." Basi tukarudi mwanzo, swali kwa swali. Samaki: kambale. Maji: Momba, penye matete, mtu asimame nyuma. Mkono: wa kushoto, wenye miaka zaidi ya sabini. Mshipi: paundi 30. Aliandika. Kesho yake alirudi dukani wakambadilishia.

Seti hiyo ya pili ndiyo iliyoko hapa nyumbani. Ina futi 9, mpini wake unafika kwapani, ni nzito kidogo na wala haipendezi kuitazama. Msimu wa kiangazi uliofuata tulirudi kwa yule mzee, na kambale wawili kati ya watatu walitoka katika matete. Mzee alinionyesha mahali pa kusimama, mbali na maji, nami nikatii. Ile ndogo nimempelekea mjukuu wangu wa Kyela, mtoto wa binti yangu, na taarifa nilizo nazo ni kwamba hailali.

Nimeombwa na mwanangu niweke alama, kwa kuwa anasema uhakiki wa mwalimu bila alama haujakamilika. Fimbo ya kwanza, katika maji ya Rukwa na mkono wangu: 30 kwa 100. Fimbo hiyohiyo, Ziwa Nyasa, mwezi Agosti, mkono wa rili ukiwa kulia: 85. Fimbo ya pili, Kamsamba: 78, nimepunguza kwa ajili ya uzito. Mhakiki: kwa miaka mitatu alipata sifuri, na sasa anafanya marudio.

Mwanangu ameniandikia kwamba amepewa likizo ya mwezi mmoja na atakuja Desemba. Ameuliza alete nini. Nimemjibu asilete kitu mpaka tukae kwanza tuone maji ya mwaka huu yamefika wapi.